Daftari la Michezo ya Watoto wa Nsambya

Nilikwenda Kampala enzi za utawala wa kijeshi, kwa sababu mwalimu wangu wa chuo alitaka kujua watoto wenyewe wanasemaje kuhusu michezo yao. Wenzangu wa Nairobi walinicheka: "Watu wanaikimbia Uganda, wewe unaifuata na kalamu!" Nilicheka nao, ila roho ilikuwa mkononi.

Asubuhi, gari moshi lilipofika Kampala, askari mmoja alilifungua daftari langu. Lilikuwa tupu bado.

Nsambya, kwenye nyumba za polisi, nilipokewa na Mama Akello, dada wa rafiki yangu. Mumewe, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, alikuwa ameitwa kazini wiki tatu nyuma na alikuwa hajarudi. Sikuthubutu kuuliza. Lakini binti yao Akello, wa miaka tisa, alinieleza mchezo wao: mmoja anakuwa gari, wengine wanatiwa nyuma, na aliyetiwa haruhusiwi kusema.

"Mimi nakataa kuwa gari," aliniambia. "Gari ilichukua baba."

Niliandika mbio mbio na, naona haya kukiri, nilifurahi. Maneno kama hayo mwalimu wangu angeyapenda sana.

Jioni nilimsomea Akello nilichoandika, kama nilivyomwahidi. Jina lake nilikuwa nimelibadilisha, nikajiona mwerevu.

"Lakini mwalimu, umeandika tarumbeta," alisema. "Hapa tarumbeta iko moja tu. Watu nasoma, najua ni sisi. Wakikuja kuuliza, wewe iko wapi?"

"Nairobi," nilijibu.

Mama yake aliacha kumenya matoke. "Toa hiyo karatasi, nyabo, dada yangu. Tafadhali."

Niliichana. Akello mwenyewe aliitia kwenye sigiri, jiko lao la mkaa, akangoja mpaka ikaisha.

Siku ya kurudi, mpakani, askari alisoma daftari kurasa zote, kidole chini ya kila mstari. Alifika palipochanwa.

"Hii karatasi nakwenda wapi?"

"Niliharibu mwandiko, afande."

Alilifunga daftari, akanirudishia.

Chuoni, nilimweleza mwalimu wangu kwa nini ukurasa mmoja haupo, naye akauliza kama nimesahau alichosema yule mtoto.

"Nakumbuka kila neno," nilimjibu, "lakini amekataa."

Hakufurahi. Mimi nilikuwa nimefundishwa namna ya kuwauliza watoto, sikuwahi kufundishwa kukatazwa nao. Hilo nilifundishwa na Akello. Naye haitwi Akello. Baba yake hakupiga tarumbeta, wala mchezo haukuwa huo niliowaelezeni. Ule wa kweli anao mwenyewe.