Mkono Usiofika Sikioni

Usiku ule nililala sebuleni kwa dada yangu Zaina, huko Manyoni, begi langu likiwa tayari mlangoni. Jioni mwanawe, Tatu, alikuwa ameniuliza: kwa kuwa mimi huzunguka kila mji, je, nimekutana na baba yake? Baba yake tulimzika kabla ya mavuno, Tatu akiwa amepelekwa kwa jirani. Zaina alimwambia kuwa amesafiri, akanisihi nami niseme hivyohivyo, maana mtoto ni mtoto, hana akili ya kubeba msiba. Nikamwambia Tatu sijamwona bado. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu mzima aliyezoea kungoja.

Usingizi uliponichukua nilijikuta kwenye foleni ya kuandikishwa darasa la kwanza, na ndevu zangu zote. Penye meza ya mwalimu ameketi Bibi, mama mzaa mama, anachambua mchicha kwenye ungo. Alifariki nikiwa mdogo kuliko Tatu, lakini sishangai kumwona.

"Mume wangu," ananiita, kama zamani, "umezeeka kunishinda. Hebu shika sikio."

Ndivyo walivyotupima: mkono ukipita juu ya utosi na kugusa sikio la upande wa pili, umri wa shule umefika. Napitisha mkono. Unaishia kwenye nywele. Najinyoosha, wapi. Watoto kwenye foleni wanacheka, na Bibi anacheka mpaka mchicha unamwagika.

Kisha si shule tena, ni stendi, mvua inanyesha, tumekaa benchi moja. Anataka kujua natafuta nini katika miji yote hii. Namwambia sijui. Nikifika mahali natazama nyuso za watu, halafu naondoka. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule.

"Walikuambia nimekwenda wapi?"

"Umesafiri, Bibi."

Mkono wangu bado uko kichwani. Anaushusha taratibu, anauweka mapajani pangu.

"Wakasema utaelezwa ukikua. Nani alikueleza?"

Natafuta jina, silipati. Nilikuja kujua mwenyewe, polepole, nikiwa nimeshaanza kuzurura.

"Anayeuliza ana pa kuweka jibu," anasema. "Mwambie Zaina."

Niliamka kumepambazuka. Zaina alikuwa jikoni akikoroga uji. Nikamsimulia yote, hata habari ya mkono. Akasema bibi yule hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kunyamaza. Akaepua sufuria, akamwita Tatu, akampakata.

Basi langu likapiga honi barabarani. Nilisimama mlangoni, begi mkononi, nikisikia sauti ya Zaina ikikatika na kuanza upya. Mtoto alilia, akanyamaza. Kisha akauliza kama huko alikozikwa baba ni mbali.

Nikaweka begi chini.

"Si mbali," nikamwambia. "Vaa ndala, twende."