Swali la Siku ya Tisini

Mdogo wangu ni fundi vioo. Anakata vioo vya madirisha na makabati, na wenzake wa karakana wanamwita Bubu, si kwa kuwa hana ulimi, ila akikasirika anaufungia ndani na ufunguo anaumeza. Mimi ni dada yake. Nasuka nywele kwenye chumba kilichopakana na karakana yake, ukuta mmoja tu katikati, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe, sikuletewa na wateja.

Yeye na mkewe, mwalimu wa chekechea, walikuwa kwenye kikundi cha wanandoa kanisani. Mama mchungaji akawaonyesha programu ya simu ya kujifunza Biblia wawili wawili: masomo tisini, kila siku moja. Mnasoma fungu lile lile, kila mtu kwenye simu yake, kisha linakuja swali na unaandika jibu lako. Jibu la mwenzako limefunikwa na picha ya kufuli, halifunguki mpaka na wewe utume la kwako. Nilicheka sana. Nikamwambia wifi yangu, "Mnalala kitanda kimoja, halafu mnaulizana kwa simu?"

"Wifi," akanijibu, "huyu mdogo wako kwa mdomo hatoi kitu. Kwa kidole anatoa."

Na kweli alitoa. Siku ya arobaini na kitu swali lilihusu wazazi, naye akaandika kwamba anaogopa kupata mtoto, maana baba yetu alikuwa anatupiga, na yeye akitazama mikono yake anaona ya baba. Hata mimi hakuwahi kuniambia hilo. Wifi alilia aliposoma. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kikundi akawasomea jibu lile neno kwa neno, kama ushuhuda. Alidhani anamsifu mumewe. Watu wakasema amina, na mdogo wangu akabaki anatazama viatu vyake.

Alinuna siku kumi na tisa. Hakumtukana, hakumgusa. Alikula, akaosha sahani yake, akalala kageukia ukutani. Wifi aliomba radhi kwa mdomo, akaomba kwa barua, akaomba kupitia kwangu. Siku ya ishirini alitia nguo chache kwenye mkoba akaenda kwa mama yake. Mlangoni aliniambia, "Mwambie asinipigie. Simu ya mtu asiyesema ni ya nini?" Nilimkasirikia. Mpaka leo sijui kwa nini nilimkasirikia yeye.

Siku tatu baadaye, saa ya chakula cha mchana, nilimkuta mdogo wangu karakanani kainamia simu. Masomo yalikuwa yamesimama tangu anune, na sasa alikuta mkewe amejibu swali lililofuata. Naye akajibu. Kesho yake tena. Wakaendelea hivyo, mmoja huku, mwingine kwa mama yake, bila salamu wala umeamkaje, ni fungu, swali na majibu mawili. Alifuta mikono kwenye suruali, akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaanza upya, chakula kikimpoa pembeni. Mama mchungaji aliona kwenye programu jinsi walivyokuwa hawaruki siku, akawapongeza mbele ya kikundi, na mdogo wangu akamdanganya kwamba mkewe hakuja kwa kuwa anauguza mama yake. Mara moja alinisomea jibu la wifi. Swali lilikuwa juu ya shukrani, naye ameandika, "Nashukuru kwamba nilikukosea na bado unanijibu."

Tukafika siku ya tisini. Swali lilikuwa fupi: Je, uko tayari kuanza upya na mwenzako? Chini yake, kufuli. Wifi alikuwa ameshajibu.

Mdogo wangu hakujibu siku hiyo, wala ya pili. Nikamuuliza anangoja nini.

"Dada, hili ndilo la mwisho. Waliomaliza wanasema ukituma tu, inakuja hongera na picha ya njiwa wawili, basi, kwisha. Nitaongea naye wapi tena?"

"Si umpigie?"

"Alikataza."

"Na jibu lake huna hamu ya kulijua?"

"Ninayo. Naogopa. Likikaa limefungwa hivi, bado ni mke wangu."

Hapo mtu mwenye akili zake angemnyang'anya simu. Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi na kinyongo cha wifi rohoni. Nikamwambia, "Basi usiwe na haraka. Na yeye aonje kungoja." Alichokuwa anatafuta ni ruhusa, nami nikampa. Naona aibu kuyaandika haya.

Siku kumi na mbili zikapita. Kila mchana alifungua simu, akalitazama lile kufuli, akaifunga, akarudi kwenye vioo vyake. Alikuwa mchangamfu hata. Nilimsikia akipiga mluzi nikasema afadhali.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, tukiwa kwake nyumbani, alikuja ndugu wa wifi, dereva wa gari la mizigo. Hakukaa.

"Shemeji, nisamehe, mimi nimetumwa. Nimekuja kuchukua nguo za dada na kabati lake la vitabu. Amepata shule ya mbali, safari ya siku mbili. Ameshaondoka tangu juzi, na ameweka saini mkataba wa miaka miwili."

"Mbona hakuniambia?"

"Anasema alikuambia. Anasema alikungoja kwenye hiyo programu yenu, ukanyamaza."

Mdogo wangu alitoa simu. Akaandika "Ndiyo," akatuma. Njiwa wakaja, kufuli likaondoka. Alisoma, akasoma tena, akanipa mimi.

"Ndiyo. Nimekukumbuka, hata ukiwa umenuna. Nimepewa kazi mbali na Jumatatu wanataka jibu. Usinipigie, najua simu inakushinda. Niandikie hapa hapa, neno moja linatosha. Ukiniandikia kabla ya Jumatatu naikataa kazi, narudi nyumbani. Ukinyamaza nitaelewa, sitakulaumu."

Jumatatu yenyewe ilikuwa ya wiki iliyopita.

Akapiga. Simu yake husikika kwa spika tu, kwa hiyo sote tulisikia wifi alipopokea.

"Niliogopa iishe," mdogo wangu akasema. "Sikununa, mke wangu. Haki ya Mungu sikununa. Niliogopa tu iishe."

Tukamsikia wifi anavuta kamasi.

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema. "Kunyamaza kwako kote kunafanana." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mpe ndugu yangu kabati." Akakata.

Yule dereva alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajui aendelee au aondoke. Mdogo wangu aliweka simu dirishani. Akaenda kwenye kabati, akashika upande mmoja, akamngoja mwenzake ashike wa pili. Wakalinyanyua. Lilikuwa pana, na mlango wa nyumba unajifunga wenyewe, ikabidi mimi niushikilie wapite.