Usiku wa Ijumaa

Khairat Mbarouk alikuwa mkaguzi wa ubora katika ofisi yetu ya Mlandege, juu ya duka la vitambaa. Mimi, Badria, niliandika programu. Yeye kazi yake ilikuwa kunionesha nilipokosea. Tulimpachika jina la Bi Hitilafu. Hakukasirika. Aliliandika hata hilo katika daftari lake la jalada jekundu.

Tulikuwa tunaijengea hospitali moja binafsi mfumo wa kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu kabla ya operesheni. Sisi wengine tulianza na kompyuta. Khairat alianza na wagonjwa. Alikaa nao kwenye mabenchi, akawasomea ujumbe mmoja mmoja na kuwauliza wamefahamu nini. Mzee Pandu Ame wa Makunduchi, mgonjwa wa sukari aliyekuwa akingojea kupasuliwa ngiri, alimsimamisha kwenye neno moja.

"Usiku wa Ijumaa? Mwanangu, usiku wa Ijumaa ni Alkhamisi jua likishatua. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Andika."

Khairat akaandika mbele yake. Aliporudi alinionesha kosa langu. Kwa mgonjwa wa kupasuliwa Jumamosi, programu ilichukua jina la siku iliyotangulia, ikabandika "usiku wa" mbele yake, ikamwambia asile wala asinywe kuanzia usiku wa Ijumaa. Nimezaliwa hapa hapa, Kiembe Samaki. Usiku wa Ijumaa naujua tangu chuo cha Kurani, nilipokuwa nikisoma juzuu. Lakini sentensi ile niliifasiri kutoka programu ya kigeni, na akili yangu niliiacha huko huko. Aibu hiyo ni yangu.

"Tuweke tarehe na saa," Khairat alimwambia Munir, mkuu wa mradi.

"Mambo ya ubora mwisho, Khairat. Kwanza mfumo usimame."

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Basi tutajenga ukuta," Munir akajibu, na ofisi nzima tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, maana ufa wenyewe ulikuwa wangu.

Huo mwisho haukupata nafasi. Uzinduzi uliharakishwa kwa wiki mbili kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na vipengele mia na arubaini, na Khairat akapewa siku mbili. Alipofika kwenye kipengele cha ujumbe aliweka kalamu chini. Munir alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Tia saini tu. Hilo tutalirekebisha toleo la pili."

Khairat alinitazama mimi. Neno langu moja lingetosha, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani. Nikainamisha kichwa. Akatia saini.

Mwezi haukwisha, hospitali ikatupigia simu. Mzee Pandu alikuwa apasuliwe Jumamosi. Alianza kujizuia kula na kunywa tangu Alkhamisi magharibi. Ijumaa asubuhi alimeza dawa yake ya sukari kwa funda moja la maji, akaenda msikitini kuswali Ijumaa, akarudi, akaanguka mlangoni pake, sukari imemshuka. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshafariki.

Munir alisema ana mkutano. Makunduchi tulikwenda mimi na Khairat, tukakaa mkekani na wanawake wenzetu waliofiwa. Binti wa marehemu, Mwatum, alitumiminia kahawa. Alichokuwa anajua ni kwamba tumetokea upande wa hospitali tu. Hakutulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Alitoa simu ya baba yake, akatuonesha ule ujumbe. Niliisoma sentensi yangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Nlimwambia, baba kula, pengine hawa wamekusudia kesho usiku," Mwatum alisema. "Akanambia, la, hawa wanajua wanachosema. Yule binti wa hospitali nlimfahamisha mwenyewe, akaandika mbele yangu."

Akaifuta simu kwa ncha ya kanga.

"Nyinyi mnamjua huyo binti?"

Khairat alitoa daftari jekundu mkobani, akatafuta ukurasa, akaliweka wazi juu ya mkeka baina yao.

"Ni mimi," alisema. "Nliandika."