Kuku Aliyekosa Walaji

Mtihani wa darasa la nne uliponiangusha na kunirudisha nyumbani sikulia sana, maana kichwani nilikuwa na jambo lingine. Katika duka moja la barabara kubwa ya Nakuru kulikuwa na gauni la bluu limevishwa sanamu ya mbao isiyo na kichwa. Kila nilipotumwa mjini nilisimama pale kioo kikafanya ukungu kwa pumzi yangu, nikiangalia jinsi kiuno kilivyokunjwa. Niliamini kabisa kwamba siku moja nitashona la namna hiyo, tena zuri zaidi, na wasichana wote wa kwaya yetu watalivaa siku ya Krismasi.

Sisi tulikaa katika nyumba za reli, watu wa Nyanza karibu wote, baba akifanya kazi kwenye karakana ya magari ya moshi. Cherehani niliyoijua mimi ilikuwa mtaa wa Bondeni, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Watu walimwita fundi tu. Nilianza kwa kusimama mlangoni kwake, nikitazama. Siku ya tatu au ya nne akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, aliyesimama mlangoni ananizibia mwanga. Ingia ama uende." Nikaingia.

Dada yake aliyekuwa akiishi naye hakufurahi. Alisema nami nikiwa pale pale, kama vile sina masikio, kwa jina lile walilotubeza nalo watu wa Nyanza, "Huyu Mkavirondo utamfunza nini? Hawa wamezoea jembe." Fundi akakata uzi kwa meno. "Mkono ulioshika jembe hauogopi sindano," akasema, akaniwekea kitambaa chakavu nijaribie mshono. Namshukuru mpaka leo kwa kitambaa kile. Nilikishona kikafanana na tumbo la mbuzi, naye akasema kimeanza vizuri.

Kwetu nako maneno hayakukosa. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, watu wanatazamana kwa jicho la pembeni hata msalani. Wamama wa kanisa walimwambia mama kwamba Waswahili wana majini, kwamba wataninywesha kitu kwenye chai nisirudi. Mama aliwajibu, "Anarudi kila jioni na njaa yake," mambo yakaishia hapo. Lakini Idd ilipofika fundi akawapaka hina wasichana wa nyumbani kwake, nami akanipaka kama wao, maua mekundu toka kiganjani hadi kwenye kifundo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha mikono mbele kama mtu aliyebeba karai, kwa furaha.

Baba alikuwa mlangoni. Akaiangalia ile mikono muda mrefu.

"Leo mikono," akasema. "Kesho buibui. Keshokutwa nitasikia una jina jipya. Bondeni basi."

Baba hakuwa mkali. Ndiyo sababu nilijua neno lake limekwisha. Nilikaa nyumbani nikisugua hina kwa majivu, nikiona lile gauni la bluu likienda zake kama treni iliyokwisha kupigiwa filimbi.

Fundi alipoona siji akatuma salamu: Jumapili atakuja mwenyewe azungumze na mzee. Mama aliposikia mgeni anakuja alichanganyikiwa, maana kwetu mgeni wa heshima hapewi chai tupu. Jumapili hiyo nikatumwa Bondeni nimlete. Tuliporudi, nyumba yote ilinukia. Mama alikuwa amemkamata jogoo wake mkubwa, ambaye hata mchungaji alikuwa akimtamani, akamchinja mwenyewe nyuma ya nyumba na kumpika mzima mzima.

Kwa fundi nilishaona kuku akipelekwa kwa mzee wa msikitini, akachinjwa kwanza ndipo apikwe. Lakini sasa ningesema nini, na baba ameshamaliza kuomba, na ugali unafuka mvuke mezani?

Baba akachukua firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, akasukuma sufuria upande wa mgeni. "Karibu, bibi."

Fundi akanawa, akakata tonge, akalishika tu.

"Dada," akamuuliza mama kwa upole, "kuku huyu nani amemchinja?"

"Mimi mwenyewe!" Mama alijibu kwa fahari.

"Mikono yako ibarikiwe. Lakini dini yetu inataka achinje Mwislamu. Walahi si dharau, dada yangu. Ni sheria yetu."

Uso wa mama ulizimika. Baba akarudisha firigisi kwenye sahani. "Nilijua," akasema. "Kwa hiyo mikono yetu ni michafu. Na mtoto wetu anayekaa kwenu mchana kutwa, yeye je? Mnamwosha kwanza?"

Nilitamani sakafu inimeze. Kichwani nilikwisha kumwona fundi akisimama, akijifunga kanga yake, akienda, na mimi nikibaki na majivu yangu. Lakini hakusimama. Alikuwa anaiangalia sahani ya mama. Ilikuwa na ugali na mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza, basi.

"Samahani, bwana, nitakujibu. Kwanza niulize. Dada, mbona wewe hukujipakulia kuku?"

Mama akaona haya. "Mimi sili. Kwetu mwanamke hali kuku."

"Hata kidogo?"

"Hata mchuzi. Mchungaji alisema tunaweza, lakini mama yangu hakula, nyanya yangu hakula, mimi nikianza leo nitatapika."

"Na binti?"

"Wala binti."

Fundi akatutazama mmoja mmoja, halafu akamtazama jogoo aliyelala sufuriani miguu juu. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Yaani dada umeamka alfajiri, umemkimbiza kuku, umemnyonyoa, umempika kwa moshi wote huu... wewe huli, mimi sili!"

Mama alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa leso, ikashindikana. Walicheka wale wamama wawili mpaka wakashikana mikono. Baba alikaa katikati, amekunja uso, lakini masharubu yalikuwa yanacheza.

"Sasa huyu jogoo nimle peke yangu?"

"Mle, bwana!" fundi akasema akifuta machozi. "Ndiyo adhabu yako kwa kuniuliza kama namwosha mtoto. Wewe mkeo na mama mkwe wako hawali kuku wako mwaka wa ngapi huu, uliwahi kusema wanakudharau?"

Baba akakohoa. Akacheka. Nilipomwona anacheka nilipata pumzi.

Fundi akavuta bakuli la mrenda. Hakuwahi kuula, na mrenda haumwonei huruma mgeni, ulivutika toka bakulini hadi kidevuni kwake kama uzi usio na mwisho. "Zungusha tonge, ukate!" mama akamwonyesha, amemshika mkono kama anavyonishika fundi kwenye cherehani. Akala akamaliza.

Baba akasubiri amalize. Akaniita nikaribie, akanigeuza viganja.

"Hii kitu inatoka?"

"Inafifia yenyewe," fundi akasema. "Ni majani tu. Kanisani kwenu ataingia nayo na atatoka nayo, Mkristo yule yule."

"Basi kesho aende. Lakini asiwe wa kuchelewa, namjua, anasimama madukani anaota."

Nilirudi Bondeni. Dada yake fundi aliendelea kununa mpaka siku niliyomshonea mfuko wa kanga zake, na hata baadaye alikuwa akinuna kidogo, kwa mazoea tu. Nashukuru hata kwa kununa kule, maana kulinifanya ninyooshe mshono ili asipate la kusema.

Lakini ninachopenda kukumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata. Baba alivaa koti lake la kazini, akashika jogoo mwingine hai, akamweka kwapani, akaanza safari ya kwenda kwa mzee wa msikitini achinjwe, ili fundi akija tena kwetu apate chakula atakachokula. Alipita katikati ya nyumba za reli mchana kweupe, watu wakitoka ibadani, mimi nyuma yake. Mmoja wa wenzake wa karakana akapiga kelele kutoka barazani.

"Mzee! Naona unaelekea msikitini. Umesilimu?"

Baba hakusimama.

"Anayesilimu ni kuku," akasema. "Mimi namsindikiza."