Kichupa cha Marashi Kutoka Salamabila

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, sabuni na sanduku la vioo vidogo vyenye damu iliyokauka. Baba na mama walikuwa wamekufa, mimi ndiye mkubwa, na wadogo zangu walihitaji kula. Niliacha shule, nikaingia hospitali huko Kasongo, mashariki ya Kongo, kama mama wa usafi. Mkuu wa laboratwari alinionyesha jinsi ya kuosha vioo hivyo, ambavyo hupakwa damu au mbegu za kiume ili zitazamwe kwa mikroskopu. "Kioo kichafu kinasema uongo," aliniambia. "Osha tena." Niliosha tena. Baada ya muda mrefu ndipo akaniruhusu kutazama.

Kisha nilitumwa kituo cha afya upande wa Kabambare. Muuguzi mkuu wa pale alinikabidhi mikroskopu kwa sababu hakukuwa na mwingine. Huko ndiko nilikoona shida ya watu wasiopata mtoto. Kila mara mwanamke aliletwa na dada mkubwa wa mume wake. Dada huyo ndiye aliyejibu maswali, na ndiye aliyepeleka jibu kwa ukoo. Mume alibaki shambani au shimoni akichimba dhahabu. Tulimpima mwanamke peke yake, tukampa dawa, naye alirudi tena na dada yuleyule.

Niliporudishwa Kasongo nilimkuta daktari mkuu mpya, mtu wa maneno machache. Aliweka sheria kwamba mwanaume apimwe kwanza. Kipimo chake huitwa spermogramu: unahesabu mbegu na kuangalia zinavyotembea, basi. Kupiga picha ya mirija ya uzazi ya mwanamke kulihitaji safari mpaka Bukavu.

Ndipo akaletwa Mariamu, mke wa Saidi, mchimbaji wa Salamabila. Aliletwa na wifi yake, Bi Zaina. Ukoo ulikuwa umekata shauri: hospitali ikisema ubaya uko kwa Mariamu, arudishwe kwao.

"Mume yuko wapi?" daktari aliuliza.

"Iko na kazi mingi, docta," Bi Zaina alijibu. "Na aje kufanya nini? Tumbo ni la huyu."

Daktari hakubadilisha sheria. Wale wanawake wawili walibaki mjini kwa jamaa, wakatuma habari Salamabila. Saidi hakuja, ila mtu wa pikipiki alileta mbegu zake ndani ya kichupa cha marashi. Saidi alikuwa amekiosha kwa pombe ya kusafishia vidonda, kwa heshima ya hospitali. Na ili kitu kisioze njiani, alikizungushia kitambaa cha maji baridi na majani ya ndizi, kama tunavyosafirisha samaki.

Nilitazama. Hakuna hata mbegu moja iliyotikisika, nikamwambia mkuu wa laboratwari.

"Zimekufa?" Bi Zaina aliuliza mlangoni. "Basi huyu mwanamke amemuroga ndugu yangu!"

"Mama, tulia," mkuu wa laboratwari alisema. "Mbegu inataka joto la mwili, na itazamwe kabla saa moja haijaisha. Hizi zimeuawa na pombe, baridi na barabara. Siandiki jibu. Aje yeye."

Saidi alifika amejaa vumbi na hasira. Aliniangalia kwa jicho la pembeni.

"Dada, ni wewe uliona vitu vyangu?"

"Ni mimi."

"Utawaambia watu?"

"Mimi ninawaambia wakubwa wangu tu."

Nilimpa kikopo kilichochemshwa nikamwonyesha chumba cha nyuma. Alikirudisha akiwa amekibana kwapani, kama nilivyomwagiza. Safari hii mbegu zilitembea, lakini zilikuwa chache na zimechoka, na katikati yake kulikuwa na usaha. Daktari alimweleza kwamba ni ugonjwa wa zinaa wa zamani usiotibiwa. Watakunywa dawa yeye na mke wake kwa wakati mmoja, la sivyo wataambukizana tena. Mirija ya Mariamu pia huenda imeziba, lakini ni ugonjwa uleule.

"Jibu ni lako," daktari alimwambia. "Dada yako hatalisikia kwangu."

Saidi alitoka barazani, walipokuwa wanangoja dada yake na Mariamu. Mimi nilikuwa naanika vioo.

"Sasa?" Bi Zaina aliuliza. "Tumurudishe lini?"

"Yaya," Saidi alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mimi ndiye mgonjwa."

"Wewe? Unamufichia muke wako!"

"Docta ameona. Hata huyu dada ameona. Kama ni kurudishwa, munirudishe mimi. Kwa nani, sijui."

Bi Zaina alijishika kiuno, akakaa chini. Mariamu, ambaye tangu afike hospitali sikuwa nimemsikia, aliuliza: "Dawa tunakunywa mbele ya chakula ao nyuma?"

Walikunywa. Mbegu ziliongezeka, mimba haikuja. Kila walipopanga kwenda Bukavu, njia ilikuwa haipitiki. Nimestaafu bila kusikia kwamba wamepata mtoto. Mariamu hakurudishwa kwao.

Vijana wa laboratwari wananiuliza kazi ile ilileta watoto wangapi. Sijui. Wengi walichukua dawa wakaenda, na hatukuwafuata majumbani. Ila Saidi na Mariamu ninawajua, kwa sababu sasa wanauza maharagwe kwenye soko la Kasongo. Juzi nilipita, Saidi akaniita mbele ya watu wote:

"Dada! Zangu zingali zinatembea?"

"Kama wewe," nikamjibu. "Pole pole."

Mariamu alicheka mpaka akamwaga maharagwe ya mteja.