Taa Iliyozimika Magotini

Asubuhi moja sijaisahau, mwanangu, ingawa mkasi niliouweka jana siujui uliko. (Mjukuu naye ni mwana, usinisahihishe.) Nilikuwa msichana, nachunga mbuzi wa baba huko Busasamana, penye mashimo ya mawe meusi ya volkano. Mbuzi akishuka shimoni alfajiri, anakufa bila jeraha. Watu walisema ni mazuku, upepo mbaya, basi.

Mi nikachukua taa ya baba, nikaishusha kwa kamba. Usawa wa kiuno inawaka, magotini, pu! inazima. Asubuhi tatu, vilevile. Nikamwambia baba mdogo, aliyekuwa mchinjaji. Akacheka, na wateja wake wakacheka.

“We mutoto mwanamuke, unapima shimo? Bwana yako utamupikia shimo?”

Nikanyamaza. Mnyamaa kadumu, ndivyo nilivyofundishwa. Wiki ileile jirani yetu, Mama Furaha, akamfuata mbuzi wake shimoni, akainama amshike. Hakuinuka.

Nyanya yangu hakunipiga. Aliuliza tu, “Ulijua ni magotini?”

“Ndiyo, nyanya.”

“Na ukaacha kicheko kikufunge mudomo?”

Sasa wewe. Jumapili umekuja na pikipiki kutoka Rugerero, unalia. Unapima gesi ya ziwa kutoka ndani ya mashua, mashine imeonyesha kitu cha hatari, ukamwambia mkubwa wako wa kazi, naye akajibu, “Bon, tuletee chai kwanza.” Unataka kuacha kazi ufungue duka la vitenge. Nami nikasema acha kazi! Mama yako akapiga vigelegele. Tangu hapo nashona mikono mahali pa shingo. Sijui kama gesi yako ndiyo mazuku yetu au ni ndugu yake. Sijui msichana anayeshinda ndani ya mashua ataposwa saa ngapi. Yewe, sijui.

Donc, neno langu la Jumapili nalifuta. Usiache. Ulichokiona kiandike, weka jina lako, kisome mbele yao. Wakicheka, soma tena. Chai wapelekee ukipenda, lakini baada ya kusoma. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio changu walikilia watoto wa Mama Furaha.

Mungu akulinde juu ya maji, akupe watu wanaosikiliza, na wasipokuwepo akupe shingo ngumu. Amina.