Nilivyoivunja Harusi ya Mashirika Mawili ya Ndege

Ndege yetu ilikufa sisi tukiwa tumeshafunga mikanda.

Haikuanguka. Haikuwa hata imetoka pale ilipoegeshwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uwanja wa ndege wa Fort Lauderdale huku Florida, nami nimebanwa siti ya katikati nikiwa nimevaa mashati manne.

Yolanda, mhudumu wa ndege, akashika kipaza sauti.

"Abiria wetu wapendwa, makao makuu wamenipigia sasa hivi. Shirika letu limefungwa."

"Limefungwa mpaka saa ngapi?" akauliza mama mmoja wa siti za nyuma.

"Mpaka kiama, dada yangu."

Mikanda ikaanza kufunguliwa, ka, ka, ka.

"Shukeni taratibu, msikanyagane. Na ile mizigo mliyoilipia, leo mnaruhusiwa kuondoka nayo bure."

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka.

Mimi sikucheka hata kidogo. Katika ndege nzima ile, mtu aliyechangia kuiua alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyo mwenye mashati manne.

Tulieni niwape mkasa wote. Matusi yaje mwishoni.

Naitwa Gil Pomeroy. Kazi yangu ni kusafisha mabwawa ya kuogelea ya matajiri. La kwangu sina, hata beseni langu limepasuka.

Nina binti mmoja, Tess, ana miaka kumi na mmoja. Ni golikipa wa hoki ya kwenye barafu, mtoto haogopi kitu. Anaishi Buffalo, kaskazini kabisa kule kwenye theluji, na mama yake Bernadette. Mimi na Bernadette tuliachana zamani, na jaji aliyetuachanisha akaamua hivi: mtoto nimwone kila baada ya wiki mbili, lakini msafiri ni mimi. Nikianza kukosa kukosa, mama yake ana haki ya kurudi mahakamani nipunguziwe.

Kwa hiyo ubaba wangu wote ulikuwa unaning'inia kwenye nauli ya bei chee.

Na bei chee tulikuwa nayo kwa shirika moja tu, Marigold.

Wale jamaa walikuwa na ndege za rangi ya chungwa. Tiketi unapata kwa bei ya pizza mbili, halafu kila kilichobaki unalipia. Maji unalipia. Kuchagua siti unalipia. Begi ndio balaa lenyewe. Pale getini kuna kisanduku cha chuma, begi lako lisipoingia mle unatozwa kuliko tiketi.

Sasa sisi wateja tukawa na mila yetu. Kabla ya kupanda tunakaa sakafuni, tunafungua mabegi, tunavaa kila kitu. Florida hiyo, joto la kufa mtu, watu wazima na akili zao wanapandisha suruali juu ya suruali na makoti ya theluji juu yake. Mimi nilikuwa na koti la wavuvi lenye mifuko kila upande: chaja huku, soksi kule, zawadi ya Tess kwapani.

Ukimwona mtu anatembea kama godoro lililofungwa kamba, jua huyo ni mwenzetu.

Marigold tuliitukana kila wiki. Lakini ilikuwa yetu.

Basi bwana, Northline ikaja kuposa.

Northline ni wakubwa. Siti za ngozi, biskuti, na taulo la moto la kujifutia uso. Wakatangaza wanainunua Marigold. Bosi wa Marigold akaitikia kabla swali halijaisha, kwa sababu shirika lilikuwa hoi.

Serikali ikasema thubutu! Wakubwa wakimmeza mdogo, nauli zitapanda na mnyonge ataumia. Wakaenda mahakamani kuzuia.

Wakawa wanahitaji mnyonge. Wakanipata mimi.

Alinipigia kijana mmoja, Adlai Whitcomb, mwanasheria wa serikali, sauti laini ya kutangazia redioni. Alikuwa amesoma matusi yangu yote niliyoandika mtandaoni.

"Bwana Pomeroy, wewe ndiye abiria tuliyekuwa tunamtafuta."

"Kaka, wewe umeshawahi kupanda Marigold?"

"Mimi? Hapana. Ila naiheshimu sana."

Nikakubali kutoa ushahidi. Serikali ikanikatia tiketi ya kwenda Washington.

Tiketi ya Northline.

Nisiwe mnafiki, lile taulo la moto nililipenda.

Siku moja kabla ya kupanda kizimbani, simu ikaita. Bernadette. Yeye ni mfanyakazi wa Northline, anakaa kaunta pale uwanja wa Buffalo, miaka mingi.

"Baba Tess, nasikia unaenda kutoa ushahidi. Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Kazini wametufunga midomo mpaka kesi iishe. Gil, nisikilize mara moja tu katika maisha yako. Usiende."

Nikacheka kicheko kile cha dharau.

"Niache Marigold imezwe, nauli ipande, nishindwe kuja, wewe ukimbilie kwa jaji? Mama Tess, mimi si mtoto mdogo."

Akasema, "Hicho kichwa chako, Gil, kingefaa kujengea nyumba." Akakata simu.

Nikajipongeza. Nimemshika pabaya!

Kesho yake nikapanda kizimbani. Whitcomb akaniomba nioneshe jinsi mnyonge anavyosafiri, nami nikaanza kuvua. Nikavua koti. Nikavua shati. Nikavua jingine.

"Inatosha, Bwana Pomeroy," akasema jaji. "Mahakama imeelewa."

Akasimama mwanasheria wa Northline, mama mmoja mwenye lulu shingoni, mpole wa kutisha.

"Bwana Pomeroy, mwaka jana uliiitaje Marigold?"

"Mkebe wa samaki wenye mabawa, mheshimiwa."

"Na bado unataka uendelee kuruka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mkebe wetu."

Watu wakapiga makofi mpaka jaji akagonga meza. Jioni hiyo nikawa kwenye televisheni nchi nzima. Mimi! Mwosha mabwawa!

Bosi wa Marigold naye alipanda, karibu analia. "Waheshimiwa, tusiponunuliwa tutakufa."

Whitcomb akatabasamu. "Kila anayetaka kuolewa haraka husema hivyo."

Ukumbi wote ukacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Tukashinda. Ndoa ikapigwa marufuku.

Safari yangu iliyofuata, wenzangu pale sakafuni walinibeba juu juu, na nguo zetu zote hizo mwilini, nusura tuanguke. Nilipoketi ndani ya ndege, Yolanda akaniletea chupa ya maji. Ya bure. Haijawahi kutokea.

"Asante, dada. Leo ni sherehe, sivyo?"

Yolanda akaniangalia. Mwanamke yule ana ulimi.

"Sherehe ya nani, kaka yangu? Sisi tulikuwa tunaolewa kwa mwenye nacho. Wewe umekuja kuvunja harusi, halafu unataka keki."

Nikadhani ni utani wa kazini.

Haukuwa utani. Kuanzia hapo Marigold ikaanza kudhoofika. Wakakata safari za Jumatano. Wakakata za Ijumaa. Siku moja tulichelewa kuondoka kwa sababu muuza mafuta alitaka alipwe kwanza mkononi. Kila nikilalamika, Whitcomb ananitumia ujumbe: ushindani umelindwa, Bwana Pomeroy, kuwa na subira.

Ndio tukafika Jumamosi ile.

Na haikuwa Jumamosi yoyote. Jioni yake Tess alikuwa anacheza fainali. Nilimwahidi kwamba nitakaa nyuma ya goli lake, kwenye kioo, nikigonga.

Nikashuka na koti langu mpaka kaunta ya Northline. Sasa wao ndio pekee waliobaki wa kwenda Buffalo. Dada wa pale akanitajia nauli. Nikageuka kumwuliza jirani kama nimesikia vizuri. Niliporudisha uso, imeshapanda.

"Dada, si umetaja nyingine sasa hivi?"

"Wateja wameongezeka ghafla, bwana. Kuna shirika limefungwa."

Nikampigia Whitcomb. Akapokea kwa furaha, akanieleza kwamba ameacha kazi serikalini. Sasa yuko kampuni binafsi, anayashauri mashirika ya ndege namna ya kuungana bila serikali kukasirika.

"Ndugu yangu, Marigold imekufa!"

"Pole sana. Lakini kisheria, tulishinda."

Nikakata. Ikabaki simu moja, ile ngumu.

"Mama Tess. Shirika limekufa. Sidhani kama nitafika."

"Nimeona kwenye habari."

"Haya, furahi. Nenda kwa jaji wako."

Safari hii hakukata simu.

"Gil. Unajua kwa nini nilikukataza kwenda?"

"Ulitaka nisije kumwona mwanangu."

"Kama Northline wangeichukua Marigold, wangefungua kituo kikubwa hapo hapo Fort Lauderdale. Wakauliza nani yuko tayari kuhamia. Nilijiandikisha siku ya kwanza. Nikapata."

"Ukapata nini?"

"Uhamisho, mwanaume wewe! Mimi na Tess. Kuja huko kwako! Nyumba nilishaiona, mtaa wa nyuma ya lile duka la donati unakokunywa kahawa. Tess alitaka kukushtukiza, akaniapisha nisikwambie. Alishaanza kuwagawia wenzake makoti yake ya baridi."

Nikakaa sakafuni, pale pale tulipokuwa tunavalia nguo.

"Siku uliyotoa ushahidi tulikuwa tunakuangalia wote wawili," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Uliposema mkebe wetu, watu wakapiga makofi. Tess akaenda chumbani kwake, akafunga mlango."

Jamani, nililia. Mwanaume mzima, katikati ya uwanja wa ndege, najifutia machozi kwa mkono wa shati la tatu.

"Acha kulia," akasema Bernadette. "Sisi wafanyakazi tuna tiketi chache za kugawia jamaa zetu, unapanda siti ikibaki. Nimekuandikisha. Nenda getini, ukae, ufunge mdomo."

Siti ilibaki. Wakaniletea biskuti, sikuweza kumeza. Taulo la moto nililikataa.

Nilifika kipindi cha mwisho. Nikakimbilia nyuma ya goli, nikagonga kioo. Tess akageuka na helmeti yake kubwa, akanyanyua fimbo yake ya hoki. Walifungwa siku ile, mabao matatu kwa mawili, lakini alivyotoka alinirukia.

"Baba, mbona mnene hivi?"

"Ni mashati, mwanangu."

"Lakini Northline begi ni bure."

"Nilisahau."

Akacheka. Halafu akaniuliza polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua.

"Kwa hiyo hatuhamii tena?"

Nilivua shati moja nikamvisha kwa sababu alikuwa anatetemeka.

Ndege za Marigold ziliuzwa mnadani. Northline wakazizoa kwa bei ya kutupa, wakazipaka rangi, wakazipeleka magharibi huko. Safari hii serikali haikupinga, kwa sababu kumnunua maiti si kuungana. Kituo cha Fort Lauderdale hakikufunguliwa. Mtaa wa nyuma ya duka la donati, ile nyumba amehamia mtu mwenye mbwa wanaobweka.

Siku hizi, kwa zile tiketi chache za jamaa, naenda Buffalo mara moja kila baada ya miezi miwili, na Bernadette hajanipeleka kwa jaji.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua hili. Siku ukiitwa kusimama mbele za watu kuvunja harusi ya wengine, uliza kwanza bibi harusi alikuwa anahamia wapi.

Wangu alikuwa anahamia mtaa wa nyuma.